Duara Lisilo na Mtu

Tulimzika Dokta Lwitiko Jumamosi, na kabla udongo wa kaburi haujakauka watu wa Ngokolo walikuwa wameshamfanya malaika. Chini ya turubai kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, alijua kuongea na mkubwa na mdogo. Nikaitwa na mimi, “mwanafunzi wake wa kwanza wa maabara,” niseme neno. Nikasimama, nikasema alinifundisha kazi, na hilo ni kweli tupu. Kila kisahani nilichokisoma baada yake, mpaka nilipostaafu nikahamia Nyahanga kule Kahama, nilikisoma kwa macho aliyonipa yeye. Halafu nikakaa. Alijua kuongea na mkubwa na mdogo! Nililimeza neno hilo pamoja na wali wa msiba, likanikwama hapa kooni mpaka leo ninapoandika. Maana mimi nilikuwapo mwaka ule wa Geita. Najua maneno machache aliyomwambia mtu mmoja, tena kwa nia njema, na najua nani aliyeyalipia.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo, nina cheti kipya na viatu vipya, najiona mtu. Dokta alikuwa na mradi wa kuchunguza maji ya ukingo wa Ziwa Victoria, upande wa Geita, pale wachimbaji wadogo wanapooshea mchanga wa dhahabu. Alitaka kujua bakteria wa maji yale wamekuwa sugu kwa dawa kiasi gani, na usugu huo wanaupata wapi. Nilidhani maabara itakuwa jengo jeupe lenye kiyoyozi. Kumbe wapi! Ilikuwa sebule ya nyumba ya matofali ya kuchoma, tumeipanga kwa Mama Kulwa: jenereta nje, jokofu ndani, meza mbili, na pazia la maua ambalo mwenye nyumba alikataa katakata kuliondoa. Chumba cha ndani alilala yeye na mumewe, Masanja. Mimi nilipewa chumba cha uani, na Dokta alikaa nyumba ya wageni huko barabarani. Nyumba haikuwa na dari na kuta ziliishia njiani, kwa hiyo lililosemwa chumba kimoja lilisikika vyumba vyote, na harufu nazo zilitembea hivyo hivyo. Asubuhi nikichemsha chakula cha bakteria, ule ute tunaoumimina kwenye visahani ugande, Mama Kulwa alipiga kelele kutoka jikoni: “Zuhura! Uji wa wadudu wako umenitoa hamu ya chai!” Na mimi mchana nilimrudishia alipokaanga dagaa wake juu ya vipimo vyangu. Tulipendana tangu wiki ya kwanza, kwa njia hiyo ya kugombana.

Alikuwa mwanamke mfupi, mikono minene, ulimi haulali. Yeye na Masanja walitoka Kishapu, pamba ilikuwa imewachosha, wakawaacha mapacha wao kwa bibi na kuja kujaribu dhahabu. Masanja alichimba. Mama Kulwa alikuwa mwaloni, yaani pale ukingoni wanapooshea mchanga, amesimama ndani ya maji mpaka magotini tangu asubuhi, anamwaga mchanga juu ya mbao iliyotandikwa gunia. Jioni tulikula uani, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, na siku mkono ukiwa mfupi, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Hapo ndipo nilipojifunza lugha ya machimbo, kwa kusikiliza tu. Shimo la dhahabu wao wanaliita duara. Mchimbaji anayekaa chini muda mrefu kuliko wenzake, haogopi kifusi wala njaa, wanamwita sugu, na mtu akiitwa hivyo hutembea kifua mbele siku nzima. Masanja, ambaye herufi ya r ilimshinda kama inavyowashinda Wasukuma wengi, alinipa somo siku moja huku akichambua miiba: “Duala halisemi uongo, Dada Zuhula. Ukiona watu wamejaa mpaka mdomoni, jua kuna mali. Ukikuta duala tupu, limefagiliwa, hata mjusi hayumo, pita zako. Limekufa hilo.” Nilicheka, nikaona nimepata maneno mawili matatu ya kuwatambia wenzangu wa chuo.

Tatizo la mwaloni lilikuwa miguu. Maji yale yalikuwa na kila kitu: mawe makali, vipande vya vyuma vya mashine za kusagia, kinyesi cha watu na ng'ombe, na mabaki ya dawa. Kila mtu alikuwa na kidonda, na kila mwenye kidonda alikuwa na rangi mbili mfukoni. Rangi mbili ni vile vidonge vya ganda lenye nusu rangi hii na nusu rangi ile, vinauzwa dukani pamoja na sabuni na viberiti. Hawavimezi. Wanalifungua ganda, wanamwaga unga wake juu ya kidonda, wanafunga kitambaa, wanarudi majini. Asiye nacho anaazima kwa jirani. Nilimwambia Mama Kulwa kwamba unga ule unakwenda na maji, unawazoeza bakteria badala ya kuwaua. Akanitazama juu mpaka chini. “Wewe mguu wako uko ndani ya kiatu,” akasema. “Mimi wangu uko ndani ya maji. Nipe dawa ya mguu uliomo ndani ya maji, nitaacha rangi mbili.” Sikuwa nayo, na sidhani kama yupo mtu aliyekuwa nayo.

Dokta naye alikuwa na furaha zake. Siku moja aliniita dirishani nione jambo. Alikuwa amechukua bakteria wa aina mbili, mmoja wa majini asiyesikia dawa, mwingine mpole anayekufa mapema kwa dawa hiyo hiyo, akawaweka kwenye chupa moja kutwa nzima. Alipowatenganisha, yule mpole naye hasikii dawa. “Hakuzaliwa hivyo, Zuhura,” alisema, macho yanamng'aa. “Ameazima vinasaba kwa jirani. Na jirani hajapungukiwa! Wanaazimana kama watu wanavyoazimana chumvi, ila hapa anayetoa anabaki na chake.” Akanionyesha namna ya kupima. Unawapanda bakteria kwenye kisahani kizima, kisha unaweka juu yao vikaratasi vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Dawa inayowaua inazungukwa na duara safi, hapaoti kitu. Dawa iliyoshindwa, wanaota mpaka kwenye karatasi yenyewe, na hapo tunaandika sugu. Nilimpenda sana mzee yule siku ile. Nasema hivyo ili msomaji asidhani nimekuja hapa kumtukana marehemu.

Mama Kulwa alikanyaga chuma majini mwanzo wa mvua. Kidonda kilikuwa kidogo, unyayoni, nacho kikapewa rangi mbili kama vyote. Lakini hiki hakikukauka. Mguu ulivimba mpaka kifundo kikapotea, ngozi ikang'aa, na kukatokea harufu ambayo hata dagaa hawakuifunika. Aliendelea kupika akiwa ameuweka mguu juu ya kigoda, anatutukana tunaomhurumia. Halafu asubuhi moja sikusikia kelele za uji wa wadudu. Niliingia nikamkuta anatetemeka chini ya blanketi, midomo imekauka, ananiita kwa jina la mama yake. Masanja alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya. Kabla hajaondoka Dokta alichukua usaha wa kile kidonda kwa pamba, akaupanda kwenye kisahani, na siku hiyo hatukufanya kazi nyingine. Tulikaa tukilitazama jokofu na kile kisanduku cha joto tunamooteshea bakteria kama watu wanaosubiri ugali uive na moto umezimika. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kuingia kwenye damu. Dawa isipopatikana, tutamzika, na tulilijua hilo wote wawili.

Kesho yake nilikuwa ziwani kuchota maji ya vipimo wakati kisahani kilipokuwa tayari. Masanja alikuja kutoka kituoni, na Dokta, mtu wa watu, akamkaribisha sebuleni akamwonyesha mwenyewe. Mazungumzo yao sikuyasikia. Niliyajua jioni nilipokwenda kituoni na chungu cha uji. Mama Kulwa alikuwa kitandani, macho yamerudi ndani, haniulizi habari ya mtu. Juu ya kabati dogo la kitanda kulikuwa na maboksi ya dawa yamepangwa kwa mstari, mapya, na Masanja amesimama pembeni yake kama mlinzi wa benki.

“Shemeji, dawa gani hizi?” nikamuuliza.

“Ndizo zenyewe, Dada Zuhula. Nimezunguka maduka yote ya dawa. Dokta kaniambia, hii sugu, hii sugu, hii sugu, hii sugu. Zote sugu nimezileta. Nesi kashaanza kumchoma tangu mchana.”

Nikaweka chungu chini. “Na ile nyingine? Hakukwambia kuna moja ambayo si sugu?”

“Kaniambia. Tena kaniambia ina duala kubwa.” Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba Dokta ndiye aliyekosea. “Nimeliona. Duala tupu kabisa, hamna hata kitu ndani. Mke wangu anakufa, mimi nimpe dawa ya duala lililokufa? Yaya!”

Yaya kwa Kisukuma ni hapana. Nimelisikia neno hilo mara nyingi maishani, lakini ile ya Masanja pale kitandani bado inaniamsha usingizini. Hakuna alichokosea, na hilo ndilo linaloniuma. Alisikia kila neno, akakiona kila alichoonyeshwa, akachagua kama mchimbaji hodari anavyochagua: penye watu wamejaa kuna mali, patupu pamekufa, na sugu ndiye shujaa. Sikumaliza kumweleza. Nilimshika mkono tukatoka mbio kwenda barabarani, tukapanda lori la mchanga mpaka Geita mjini, na njia nzima nilimweleza kwa vidole: sugu ni mdudu, si dawa, duara ni kaburi la mdudu, kadiri lilivyo tupu ndivyo dawa ilivyo na nguvu. Tulipokaribia mjini akasema, “Kwa hiyo nimemnyima,” halafu tukazunguka maduka ya dawa mpaka tulipoipata ile sindano yenye duara tupu, seftriaksoni, unga mweupe ndani ya vichupa vidogo.

Homa ilishuka. Mama Kulwa alifumbua macho, akaona chungu changu, akasema uji wangu una mabonge. Nililia kwa furaha mbele ya wagonjwa wote bila aibu. Kwa Dokta nilikwenda na hasira. Nilimweleza alichosema yeye na kilichosikika, naye akavua miwani akaifuta muda mrefu. “Lakini nilimwambia wazi,” alijibu. “Zuhura, nilimwonyesha kabisa! Sikio la kufa halisikii dawa.” Methali hiyo nimeichukia tangu siku ile. Sikio lilisikia vizuri sana. Nilimwambia, kwa sauti ambayo mfanyakazi hamtolei bosi wake, kwamba kama ana maneno ya chuo basi awe na ya machimbo pia, au anyamaze aniachie mimi. Alivaa miwani yake, akarudi kwenye visahani. Nilidhani ameelewa, na yeye nadhani alidhani hivyo hivyo.

Mama Kulwa akarudishwa nyumbani, aendelee kuchomwa kila siku zahanati mpaka dawa zote ziishe. Vichupa vilikaa kwenye jokofu letu, kwenye rafu ya juu, na mwenyewe akawa anavitazama kwa heshima akipita. Baada ya siku chache alikuwa anasimama. Siku moja nikamkuta jikoni anakaanga dagaa, mguu umefungwa kitambaa safi, anaimba. Wiki hiyo Dokta alinituma Mwanza kufuata vifaa. Niliporudi rafu ya juu ilikuwa tupu. Nikafikiri zimeisha kwa halali, nikashukuru. Ndipo nilipopita mwaloni na chupa zangu za vipimo, nikaona watu wamepanga mstari juu ya mawe, suruali zimekunjwa, vitenge vimepandishwa, na Masanja katikati yao amepiga magoti. Mkononi ana kichupa cha mwisho. Alikuwa anamnyunyizia Mama Shija, jirani yetu, unga mweupe juu ya kifundo cha mguu, taratibu, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya wageni.

“Dada Zuhula!” aliniita kwa furaha. “Sasa tumeelewa. Hii ndiyo yenye duala tupu! Mama Kulwa kashapona, nikasema tusiwe wachoyo.”

“Wema hauozi,” Mama Shija akaniambia, akishusha kitenge chake. Akakishika kichupa kitupu, akakichovya majini, akakisuuza kwa uangalifu, na maji yale akajimwagia kidondani yasipotee. Yaliyobaki yalitiririka ziwani. Niliinama nikachota maji yangu ya vipimo palepale. Ningesema nini? Mwaka mzima nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Mama Kulwa nikitazama bakteria wakipeana kila walicho nacho, na mbele yangu palikuwa na watu wanapeana kila walicho nacho, na maji ni yale yale. Yeyote aliyelelewa vizuri angefanya alichofanya Masanja.

Kidonda cha Mama Kulwa kilifumuka kabla ya mwezi kwisha. Safari hii kilianza na homa, uvimbe ukafuata, na wekundu ukapanda hadi chini ya goti. Dokta alipanda kisahani kingine, na kilipokuwa tayari alikuja nacho dirishani bila kuniita. Masanja alikuwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni tangu alfajiri, kofia mkononi. Akainuka, akaja katikati yetu akainama. Vikaratasi vyote, pamoja na kile cha seftriaksoni, vilikuwa vimemezwa. Bakteria wamejaa mpaka kwenye ukingo wa kila kimoja. Dokta alifungua mdomo kueleza. “Nyamaza, mzee wangu,” Masanja akamwambia kwa upole. “Hili nimelisoma.” Akatoka nje, na kupitia juu ya ukuta usio na dari tukamsikia anatapika.

Kituoni mganga alisema apelekwe Mwanza kesho, mguu uondoke kabla haujaondoka naye. Mama Kulwa alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu: zile dawa zilikwisha vipi? Dokta akatazama sakafu. Masanja akasogea, akapiga magoti palepale kando ya kitanda, akamwambia mkewe yote, jina kwa jina, kila aliyempa. Hakujitetea. Wagonjwa wengine waligeuka kumtazama.

“Na wao wamepona?” akauliza.

“Wanatembea, Mama Kulwa. Wote wanatembea.”

“Wanatembea kwa mguu wangu!” Sauti ilimpanda ghafla, ile ya jikoni, tukashtuka wote. Aliupiga ukuta kwa kiganja. Machozi yalimtoka kwa hasira na hakuyafuta. “Nimeosha mchanga na maji mpaka kucha zimeoza, watoto wangu wanakua bila mimi Kishapu, halafu mguu wangu umegawiwa kama nyama ya sadaka! Nenda kawaambie. Wote uliowapa. Gari la wagonjwa halifiki huku kwenye tope. Waambie waje wanibebe.”

Masanja akaenda. Niseme hapa hapa kwamba Mama Kulwa alikatwa mguu, akaishi. Wakarudi Kishapu wote wawili, naye alikataa kumwacha mumewe na alikataa pia kumsamehe kwa muda mrefu, akifanya yote mawili katika nyumba moja kama wanavyoweza watu waliopendana kweli. Lakini asubuhi ile hatukuwa tunajua lolote. Walikuja wote. Hakuna aliyetuma udhuru. Wanaume watatu na Mama Shija walishika machela ya miti na blanketi, wengine wakafuata kupokezana, na tukaanza kupanda kuelekea barabarani huku mvua ikinyunya. Masanja alitaka kushika mti, mkewe akamkatalia. Dokta alitembea nyuma kabisa na sanduku lake, na nilimwona mara mbili anafungua mdomo na kuufunga. Mimi nilikuwa kando ya kichwa cha Mama Kulwa nimeinua chupa ya dripu. Katikati ya mlima Mama Kulwa alifumbua macho, akavuta hewa puani, akavuta tena.

“Zuhura,” aliniambia, “hiyo harufu si yangu. Mimi mguu wangu umefungwa nailoni.”

Nikatazama mbele. Kitambaa kwenye kifundo cha Mama Shija kilikuwa kimelowa, na si kwa mvua. Alikuwa amesikia. Hakugeuka wala hakusimama. Alihamishia mti bega la pili, akaendelea kubeba.